Simu mbili pacha: kwa nini iliyochajiwa taratibu ndiyo iliyochoka mapema

Simu ya mama ilizima ikiwa na 17%. Alikuwa katikati ya maongezi, ikakata. Akaiwasha, ikaonyesha 17% ileile, ikazima tena. Alipoichomeka kwenye chaja ikawaka kama vile haijawahi kuwa na tatizo, ikasema ina 16%. Aliyewahi kukaa na simu moja zaidi ya miaka miwili hahitaji kuambiwa hiyo ni dalili ya nini.

Betri kuchoka si habari. Habari ni kwamba simu hiyo ina pacha wake, na pacha ni mzima. Mama na mdogo wangu walipata simu za aina moja, wiki moja, kila moja na betri ya 5,000 mAh na chaja ya wati 67 ndani ya boksi. Mdogo wangu ameitumia chaja hiyo kila siku tangu simu ifunguliwe. Mama hakuigusa. Mtu alimwambia chaja za kasi "zinapika betri", naye akairudisha ndani ya boksi, boksi akaliweka juu ya kabati, akaendelea na chaja ya simu yake ya zamani: volti 5, ampea 2, yaani wati 10.

Miezi 26 baadaye, ya mama ndiyo inayozima na 17%.

"Mama, si nilikwambia utumie chaja yake?" mdogo wangu akasema.

"Ulijuaje wewe? Kila mtu anasema kasi inaua betri."

"Kila mtu nani?"

"Usinibishie. Mpe kaka yako aangalie."

Nikazichukua zote mbili.

Vipimo

Nilianzia kwenye taarifa ya betri ndani ya mipangilio. Simu ya mama: uwezo uliobaki 81%, mizunguko 431. Ya mdogo wangu: 91%, mizunguko 612. Mzunguko mmoja ni chaji yenye jumla ya 100% hata ikiwa imekusanywa vipande vipande, kwa hiyo 60% ya leo na 40% ya kesho ni mzunguko mmoja. Maana yake betri ya mdogo wangu imefanya kazi zaidi, imechajiwa kwa chaja yenye nguvu karibu mara saba, na bado imebaki na uwezo mkubwa kuliko ya mama.

Sikuziamini namba hizo papo hapo. Asilimia ya uwezo ni makadirio: simu inahesabu umeme unaoingia na kutoka, inalinganisha na volti, halafu inakisia. Mara nyingine inakisia vibaya. Basi nikaziacha simu zote mbili ziishiwe chaji kabisa mpaka zikazima, nikazichaji zikiwa zimezimwa, kwa chaja moja ya wati 10 na waya mmoja, moja baada ya nyingine, huku nimeweka kipimo cha USB katikati. Ni kidude kidogo chenye kioo, hukaa kati ya chaja na waya na kuonyesha volti, ampea na jumla ya nishati iliyopita. Ya mdogo wangu ilimeza watisaa 20.5 hadi kujaa. Ya mama, 18.2.

Betri mpya ya aina hii inabeba watisaa 19 na ushei. Namba ya 20.5 inaizidi kwa sababu sehemu ya umeme hupotelea njiani ikawa joto, kwenye waya, kwenye saketi ya kuchajia na ndani ya betri yenyewe. Hilo halinisumbui, maana upotevu huo unafanana kwa simu zote mbili na mimi ninatafuta uwiano tu. Gawanya 18.2 kwa 20.5 upate 89%. Gawanya 81 kwa 91 upate 89%. Simu zilikuwa zinasema kweli.

Simu mbili si utafiti, hilo nalikubali mapema. Betri mbili zinaweza kutoka kiwanda kimoja siku moja zikatofautiana kidogo. Kwa hiyo sikuishia kwenye matokeo. Nilitaka kujua kila betri ilipitia nini usiku na mchana, nione kama hayo yanaendana na yanayojulikana kuhusu betri za lithiamu, aina iliyomo ndani ya simu hizi.

Dakika 22

Nikamwambia mdogo wangu achaji kama anavyochaji siku zote, mimi nikae pembeni na kipimo. Simu ilikuwa na 20%, betri ikiwa na nyuzijoto 29. Akaichomeka, akaiweka mezani, akaendelea na shughuli zake.

Jambo la kwanza: kipimo hakikufika wati 67 hata sekunde moja. Kilisoma volti 8.5 na ampea 6.1, sawa na wati 52. Hiyo 67 ni kikomo cha chaja, mfano wa spidi iliyoandikwa mwishoni kwenye dashibodi ya gari. Jambo la pili: haikudumu. Kwa dakika sita hivi ilishikilia ampea 6, halafu ikashuka hadi 4 na kitu, dakika ya 12 ikawa 3 na nusu, dakika ya 18 ikawa 2.6. Dakika ya 22 simu ilikuwa 83%, akaichomoa akaondoka. Joto lilipanda hadi nyuzi 41 kwenye dakika ya 8, likakaa hapo kidogo, likaanza kushuka kabla hata hajaichomoa.

Hapa ndipo mama aliuliza swali ambalo watu wengi wanalo kichwani: "Kwani umeme mwingi hivyo hauingii kwa nguvu?"

Hauingii kwa nguvu. Chaja haisukumi wati 67 ndani ya simu kama bomba linavyosukuma maji. Unapochomeka, chaja na simu huzungumza kwanza kupitia nyaya ndogo za ndani ya kebo. Chaja inasema ina volti zipi na ampea ngapi, simu inachagua. Zisipoelewana lugha, zinarudi kwenye volti 5 za kawaida, ndiyo maana chaja kubwa ya simu nyingine mara nyingi huchaji simu yako polepole tu. Na hata zikielewana, simu ndiyo inayoamua kila sekunde ichukue kiasi gani, kwa kutazama volti ya betri na kihisi cha joto kilichobandikwa juu yake. Kule kushuka kutoka ampea 6 hadi 2.6 ni amri ya simu. Chaja ingetoa 6 mpaka mwisho kama ingeombwa.

Kwa nini simu iombe kidogo jinsi inavyojaa? Jibu la swali hilo ndilo linaloeleza jinsi kasi inavyoweza kuua betri, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Ndani ya betri, kuchaji ni kuhamisha ioni za lithiamu, yaani chembe zake zenye chaji ya umeme, kutoka upande mmoja kwenda mwingine, ambako zinajipenyeza katikati ya tabaka za grafiti, ambayo ni aina ya kaboni. Kujipenyeza huko kunachukua muda. Fikiria chupa yenye mdomo mwembamba. Ukimimina maji kwa kiasi yanaingia yote. Ukimimina kwa pupa mengine hubaki mdomoni na kumwagika nje. Ioni zikifika kwenye grafiti kwa wingi kuliko zinavyoweza kuingia, zinabaki juu na kuganda kama utando wa lithiamu tupu. Baadhi ya lithiamu hiyo hairudi tena kwenye kazi, na uwezo uliopotea hivyo haurejei. Mbaya zaidi, utando huo unaweza kuota miiba midogo kuelekea upande wa pili. Ikumbukwe kwamba lithiamu tupu ndiyo hasa watafiti walikuwa wanaikimbia: kuificha ndani ya kaboni badala ya kuiacha wazi ndiko kulikozifanya betri hizi ziwe salama kiasi cha kuingia sokoni mwaka 1991, na ni sehemu ya kazi iliyowapa John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Kuchaji kwa pupa ni kuirudisha lithiamu palepale ilipofukuzwa.

Kadiri grafiti inavyojaa ndivyo mdomo wa chupa unavyozidi kuwa mwembamba. Ndiyo maana simu hula haraka kutoka 10% hadi 50%, halafu 20% ya mwisho inavuta miguu. Haijaharibika. Inajilinda.

Kuna hila nyingine ambayo mtumiaji haioni. Zile ampea 6 za volti 8.5 zilizoonyeshwa na kipimo, zikifika ndani ya simu zinakutana na saketi inayogawanya volti kwa mbili na kuzidisha ampea kwa mbili, ikipoteza nishati kidogo sana njiani. Betri ilikuwa inapokea takriban ampea 12. Kwa betri ya 5,000 mAh hiyo ni karibu mara mbili na nusu ya ampea ambazo zingeijaza kwa saa moja. Ni kasi kubwa, lakini betri hii imeundwa kwa ajili yake, ikiwa na njia nyingi za umeme kuingilia ili upinzani wa ndani, yaani jinsi betri inavyozuia umeme kupita, uwe mdogo. Upinzani ndio kila kitu hapa, maana joto linalozalishwa ndani ya betri hupanda kwa mraba wa mkondo: ampea zikiongezeka mara mbili, joto la kila dakika linaongezeka mara nne. Muda unakuwa nusu, kwa hiyo ukijumlisha joto lote hadi chaji ikamilike, ni mara mbili. Chaja ya kasi ina gharama. Anayesema haina gharama yoyote anauza kitu.

Ila kwa mdogo wangu gharama hiyo ilikuwa ni dakika chache za nyuzi 40 na ushei, mara moja kwa siku, mezani, bila kava, katikati ya chaji ambayo wala hakuingoja ijae.

Usiku wa mama

Kwa mama nilitumia programu ya kurekodi joto na asilimia, ikae kwenye simu usiku kucha siku tano. Sikumwomba abadilishe chochote.

Mama anachomeka simu saa 4 usiku, kwa kawaida ikiwa na 45% hivi. Simu iko ndani ya kava nene la ngozi la kukunja, lile la kufunika kama daftari. Anasikiliza kitu kidogo, halafu anaisukumiza chini ya mto, kwa sababu mwanga wake unamsumbua na kwa sababu anataka kuisikia ikiita. Wakati inachaji, betri ilikuwa inafika nyuzi 38. Kwa wati 10! Kabla ya saa 6 usiku imefika 100%. Halafu inakaa hapo, imechomekwa, imefunikwa, nyuzi 33 au 34, ikipungua hadi 99 na kujazwa tena, mpaka anapoamka saa 12 asubuhi.

Saa sita kwa usiku mmoja. Usiku 791 katika miezi 26. Ukizidisha unapata saa 4,746, karibu siku 198. Betri ya mama imeishi zaidi ya nusu mwaka mzima ikiwa imejaa pomoni chini ya mto.

Kujaa kuna ubaya gani? Volti. Betri iliyo 100% ina volti ya juu kabisa inayoruhusiwa, 4.4 na zaidi kwenye simu nyingi za sasa, na katika hali hiyo kemikali za ndani hazitulii. Kimiminika kinachopitisha ioni huanza kuoza taratibu pande zote mbili. Kwenye grafiti kuna utando mwembamba uliojijenga wakati wa chaji za mwanzo kabisa kiwandani. Huo ni utando mzuri, unailinda, lakini hauachi kukua, na kila unapokua unameza lithiamu iliyokuwa ya matumizi na kuongeza upinzani. Joto linaharakisha ukuaji huo. Betri iliyojaa na yenye joto inazeeka hata kama hakuna mtu anayeitumia.

Kuna jedwali la Battery University, tovuti ya mafunzo kuhusu betri, linalosambaa sana miongoni mwa wanaofuatilia mambo ya betri, na ingawa linahusu betri za lithiamu kwa ujumla, si simu ya mama, mwelekeo wake unaeleza kisa hiki vizuri kuliko maneno yangu. Betri iliyowekwa stoo mwaka mzima kwenye nyuzi 25 ikiwa na 40% inabaki na 96% ya uwezo wake. Iwekwe ikiwa imejaa, inabaki na 80%. Kwenye nyuzi 40, ile ya 40% inabaki na 85%, na iliyojaa inashuka hadi 65%. Hakuna aliyeichaji kwa kasi, hakuna aliyeichaji kabisa. Imekaa tu.

Na kule kuzima ghafla na 17%? Huo ndio upinzani ulioongezeka. Betri bado ina chaji kidogo, lakini simu ikidai umeme mwingi kwa mpigo mmoja, mfano redio inapotafuta mtandao katikati ya maongezi, volti inaporomoka chini ya kiwango ambacho prosesa inahitaji, simu inajizima kujiokoa. Ni tatizo lilelile lililoifanya Apple, kama ilivyokiri Desemba 2017, ipunguze kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizozeeka.

Nikamweleza mama haya yote. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kosa langu ni kuiwekea mto?"

Si kosa. Hapo ndipo kisa hiki kinaponigusa. Ile chaja ya taratibu ndiyo iliyoleta mazoea ya usiku kucha. Chaja ya wati 10 haiwezi kukujazia simu wakati unavaa viatu; inataka saa mbili au tatu, na saa za namna hiyo zinapatikana usiku. Ukichaji usiku umelala, huichomoi ikifika 80%. Mdogo wangu, kwa sababu chaja yake inamaliza kazi kwa dakika 22, hana haja ya kuiacha ilale kwenye waya, na bila kukusudia amekuwa akiiweka betri yake kati ya 20 na 83, mahali ambapo betri za lithiamu hupapenda. Uvivu wake ulifanana na uangalifu. Uangalifu wa mama ukaangukia sehemu isiyofaa.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba wati 67 ni bora kwa betri kuliko wati 10. Zichukue betri mbili, zote zichajiwe mezani, zote zikomee 80%, zote ziwe baridi: ninayo imani kabisa kwamba ya wati 10 itaishi zaidi. Ninachosema ni kwamba tofauti hiyo, kwa simu iliyoundwa kwa kasi, ni ndogo kuliko tofauti inayoletwa na joto na kujaa, na mama alilipa deni kubwa ili kukwepa dogo.

Miezi mitano baadaye

Sikubadilisha betri ya mama mara moja. Nilimwomba kwanza tujaribu jambo: chaja ibaki ileile ya wati 10, ibadilike mahali na kikomo tu. Simu ilale juu ya meza ya pembeni bila kava, uso chini ili mwanga usimsumbue, na ndani ya mipangilio tukawasha kizuizi cha kuchaji hadi 80%. Simu nyingi za miaka ya karibuni zinacho, ila kimefichwa ndani ya ukurasa ambao hakuna anayeufungua. Alilalamika wiki ya kwanza kwamba simu "haijai". Wiki ya pili akasahau.

Sehemu ya pili ya jaribio sikuipanga mimi. Mdogo wangu alipata kazi ya kuendesha gari, na simu ikahamia kwenye kishikizi cha kioo cha mbele. Chaja ya gari ya kasi, ramani imewashwa, kioo cha simu kimepandishwa mwanga hadi mwisho, jua linapiga kupitia kioo cha gari. Siku moja nilikaa kiti cha pembeni na kutazama programu ileile. Betri ilikuwa nyuzi 44 kwa karibu saa nzima. Kuna wakati iligusa 46, simu ikatoa ujumbe kwamba imesimamisha kuchaji hadi ipoe. Mdogo wangu akauchomoa waya na kuuchomeka tena.

"Inagoma goma siku hizi," akasema.

"Haigomi. Inakwambia."

"Si ulisema mwenyewe kasi haina shida, kaka?"

Nilisema hivyo mezani, si kwenye kioo cha gari. Kiwango cha kawaida kinachotolewa kwa kuchaji betri za lithiamu ni kati ya nyuzi 0 na 45, na mipaka yote miwili ina sababu. Juu ya 45 kimiminika kinaoza haraka na utando ule wa kwenye grafiti unanenepa. Simu inaanza kupunguza ampea mapema ili isifike huko, kwa hiyo kwenye jua ile chaja ya kasi wala haikuwa inachaji kwa kasi. Ilikuwa inachaji polepole ndani ya joto la chaja ya kasi. Upande wa baridi ni hatari zaidi kwa kasi yenyewe: ioni zinakuwa nzito kuingia kwenye grafiti, mdomo wa chupa unabana, na ampea ambazo kwenye nyuzi 25 zingeingia bila taabu zinaganda juu kama lithiamu tupu. Simu iliyotoka kwenye baridi kali haifai kuchomekwa kwenye chaja kubwa kabla haijarudi kwenye joto la kawaida la chumba. Simu nyingi zinajua na hupunguza zenyewe, ila sioni sababu ya kuzijaribu.

Hali ya tatu ambapo ningeacha kasi kabisa ni betri iliyovimba. Ukiona mgongo wa simu unaachana na fremu, au kioo kinanyanyuka pembeni, usiichaji kwa chaja yoyote, iwe ya kasi au ya taratibu. Hiyo haina mjadala. Inahitaji kutolewa na mtu anayejua anachofanya.

Baada ya miezi mitano nikarudia kipimo kilekile: chaja ya wati 10, waya uleule, simu zimezimwa. Ya mama ilimeza watisaa 18.1, kutoka 18.2. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko ninavyoweza kukiamini kipimo changu. Kwa maana nyingine, haijasogea. Kuzima kwa ghafla hakukwisha, kwa sababu upinzani ulioongezeka haurudi nyuma, lakini hakukuongezeka pia. Ya mdogo wangu ilimeza 19.6, kutoka 20.5. Mipangilio ikasema 87%.

Asilimia 9 kwa miezi 26, halafu 4 kwa miezi mitano. Chaja yake ya kasi haikuwa imebadilika wati hata moja ukilinganisha na ile ya mezani. Kilichobadilika ni kwamba joto lililokuwa linakuja kwa dakika chache sasa lilikuwa linakuja kwa saa nyingi, na simu ilikuwa inafanya kazi nzito huku inachaji, na mara nyingi imefika 100% saa 4 asubuhi na kubaki hapo hadi jioni. Yaani ameuhamishia usiku wa mama kwenye gari, akauongezea jua.

Inasaidia kujua viwango vyenyewe ni vipi. Watengenezaji huipima betri kwa idadi ya mizunguko hadi ifike 80%. Apple inasema iPhone 14 na za nyuma yake zimeundwa kubaki na 80% baada ya mizunguko 500, na kuanzia iPhone 15, mizunguko 1,000, katika hali nzuri ya matumizi. Umoja wa Ulaya, kuanzia Juni 20, 2025, unadai simu mpya zinazouzwa huko zibaki na angalau 80% baada ya mizunguko 800. Mama alifika 81% kwa mizunguko 431. Mdogo wangu alikuwa na 91% kwa 612, na kwa mwendo ule wa mezani angeweza kuvuka 1,000 akiwa bado juu ya 80. Kwa mwendo wa kioo cha gari hafiki.

Tumembadilishia mama betri. Ile ya zamani ilipotoka ilikuwa imevimba kidogo sana, kiasi cha kuihisi kwa kidole kuliko kuiona kwa jicho. Boksi lilishushwa kutoka juu ya kabati, na chaja ya wati 67 ikatoka ikiwa bado na plastiki yake. Sasa anachaji asubuhi wakati anajiandaa, mezani, dakika 20 na kitu, anachomoa. Siku za kwanza alikuwa anaigusa simu kila baada ya dakika mbili kuona kama inaungua.

Mdogo wangu amesogeza kishikizi kikae mbele ya tundu la kiyoyozi na ameweka kizuizi cha 80%. Waya bado anauchomeka asubuhi na kuuchomoa jioni. Nilimwomba nije nipime tena baada ya miezi mitano mingine. Akaniambia nisubiri, huenda atakuwa amebadilisha simu.